Mtalimbo wa Mama Mwenye Nyumba

Ukitaka kupangisha vyumba, nunua mtalimbo kabla hujanunua kufuli. Watu hucheka nikisema hivi, wanadhani natania. Kufuli ni la mwizi, na mwizi hatakusumbua kama mpangaji atakavyokusumbua. Mpangaji umemwingiza wewe mwenyewe, ukamwonyesha choo kilipo na kamba ya kuanikia nguo, na siku akiamua kukushinda atakushinda akiwa ndani ya ukuta wako. Mtalimbo unauchomeka kati ya ubao na fremu, unauegemea kwa uzito wako wote, bawaba zinalia, mlango unatoka. Karatu kuna baridi. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka kutoka msitu wa kreta mpaka unaingia kwenye blanketi. Mtu asiye na mlango hahitaji polisi wala baraza la kata. Anafunga mizigo mwenyewe.

Nilikuja Karatu kutoka Machame mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimeolewa na dereva wa magari ya watalii. Yeye akiwa porini na wageni, mimi nilikuwa mnadani nauza mitumba. Chumba cha kwanza nilikijenga kwa makoti ya Ulaya, maana huku watu wananunua koti kabla ya kununua viatu. Benki sikwenda, na wewe usiende kama huna shughuli nyingine ya kulipia mkopo, kwa sababu chumba kitupu hakilipi rejesho. Mpangaji wa kwanza alinilipa kodi ya nusu mwaka mbele, nikanunua bati za chumba cha pili. Wa pili akalipa, nikapandisha msingi wa cha tatu. Haba na haba hujaza kibaba, na mwisho nikawa na ua mzima, vyumba vimepangana nyuma na nyumba yetu kubwa mbele, inaangalia barabara ya kwenda geti la hifadhi.

Kuna jambo moja nililifanya kama kila mtu alivyolifanya wakati ule. Mzee wa Kimbulu aliyetuuzia kiwanja hakutaka kuzungumza ardhi na mwanamke. Alinisalimia vizuri, akanikaribisha maziwa, kisha akamgeukia mume wangu. Hela zilitoka kwenye khanga yangu, jina likaandikwa la mume wangu. Sikuona ajabu, na mama yangu mzazi alipokuja kututembelea naye hakuona ajabu.

Ua wa kupangisha ni mahali pa damu, usidanganywe. Chimba choo kikubwa na kirefu kabla ya kitu kingine chochote, weka bomba mahali ambapo kila mlango unapaona, na umeme ukifika usiwafunge watu saba kwenye mita moja. Mimi niliwafunga kwenye mita moja. Mpishi wa loji na fundi wa magari waligombana kuhusu pasi, nani anakula umeme wa nani, na mpishi akamwekea mwenzake ile pasi shavuni ikiwa ya moto. Harufu yake niliisikia nikiwa jikoni kwangu, nikadhani mtu anababua kichwa cha mbuzi. Nilipotoka fundi alikuwa amemkaba mpishi, anamgonga kisogo kwenye ukuta wangu mpya uliokuwa haujakauka plasta. Nilimpiga fundi kwenye ugoko kwa mtalimbo. Si kwamba yeye ndiye mwenye kosa, ila ndiye aliyekuwa karibu. Wote wawili nikawang'olea milango siku hiyohiyo.

Baada ya hapo nikatangaza sheria, nikaitangazia pale bombani ambapo wote hukutana asubuhi. Anayempiga mtu ndani ya chumba changu, mlango unatoka. Sijali ni mke wake, mpenzi wake au mdeni wake. Kijana mmoja mwongoza watalii alidhani ni maneno ya mama. Alimvunja jino msichana aliyekuwa akiishi naye, na hata msichana hajamaliza kutema damu mimi nilikuwa tayari kwenye bawaba ya juu. Alitundika shuka mlangoni akajifanya mwanaume. Baridi ikamtoa. Wanawake wa mjini walianza kuulizana kama kuna chumba kwa yule mama anayeng'oa milango, na sikuwahi tena kukosa mpangaji.

Lakini nyumba kubwa ilikuwa na mlango wake, wa mninga, mzito, na huo haukuguswa na mtu.

Nisizunguke. Mume wangu alikuwa ananipiga. Msimu wa wageni alikuwa mtu wa porini, anarudi na vumbi jekundu kwenye nyusi, anakula, analala, anaondoka. Masika yakija, barabara inakuwa tope, wageni wanakatika, magari yanalala gereji, naye anakaa nyumbani. Hapo ndipo nilipopigwa. Alinipiga kwa mkono, kwa mkanda, siku moja kwa kikombe cha bati kilichokuwa na chai. Wapangaji walisikia kila kitu, maana ukuta kati ya jikoni kwangu na chumba cha kwanza ulikuwa wa tofali moja. Wakaongeza sauti ya redio. Wagombanapo ndugu, shika jembe ukalime. Asubuhi nilitoka na uso umevimba, nikaenda bombani, nikamgombeza mtu aliyeacha sabuni chini, na hakuna aliyenitazama zaidi ya alivyotakiwa.

Na kodi aliipokea yeye. Wapangaji walimpa baba mwenye nyumba, kwa heshima, kwa mikono miwili, mtu ambaye hakuwahi kubeba tofali hata moja la nyumba ile. Mimi nilikuwa wa kuziba bati zinazovuja na kuamua ugomvi. Nilijiambia ndiyo ndoa.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia na lami ikaanza kuja, kila kiwanja cha kando ya barabara kikapata dalali. Mume wangu alipata mnunuzi, mkulima mmoja wa Kimbulu mwenye mashamba ya ngano, mtu mpole aliyetaka kubomoa vyumba vyangu ajenge nyumba ya wageni. Sikuambiwa. Niliona vijana wanapigilia vigingi karibu na choo na kunyoosha kamba. Nilipowauliza wakasema baba ameuza, bado kusainiana tu. Niliving'oa vile vigingi kimoja kimoja nikavitumbukiza chooni, na kamba yao nayo ikafuata.

Mume wangu alinikuta sebuleni. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, wapangaji wengi wa kike wapo kwa sababu soko halikai siku ya mvua. Alifunga mlango wa mninga kwa komeo. Aliniuliza kama najua jina lililoandikwa kwenye karatasi ya kiwanja, nikamwambia jina najua, na mikono iliyojenga najua pia. Alishika mkono wangu wa kushoto akaupiga kwenye ukingo wa meza, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu nikasikia unavunjika kabla sijasikia maumivu. Nilianguka. Akaanza na miguu. Nakumbuka nilikuwa nafikiria sakafu, kwamba niliisiliba vibaya pale kwenye kona na maji yatakuwa yanasimama.

Kisha nikasikia bawaba zinalia.

Nilijua sauti ile kuliko mtu yeyote hapa Karatu. Ubao ulipasuka, komeo likaruka, mlango wa mninga ukaangukia ndani na mwanga wa mvua ukaingia. Wakaingia wanawake wa uani. Msusi wa Kirombo, mwalimu wa shule ya msingi ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, mke wa askari wa hifadhi, na mbele yao, ameshika mtalimbo wangu, mpangaji wa chumba cha mwisho. Huyu alikuwa mama wa Kibarabaig kutoka bondeni upande wa ziwa Eyasi, aliyekuwa akiuza bangili za shaba kwa watalii pale wanaposimama kununua maji. Alikuwa mkimya. Kwa wiki nzima ungeweza kumsikia mara mbili.

Mume wangu alisema hii ni nyumba yake na atawashtaki wote. Msusi alimpiga na kigoda. Mwalimu akamrukia mgongoni. Sikuwahi kuona wanawake wanampiga mtu vile. Walimpiga kama wanaotwanga, kila mmoja kwa zamu yake, hawakutukana wala hawakulia. Alipofika mlangoni kwa magoti alikuwa na jicho moja tu lililofunguka. Yule wa bangili hakumpiga. Alisimama juu ya mlango ulioanguka, akamwambia kwa Kiswahili chake cha mnadani, "Mama alisema. Mtu anapiga ndani, mlango inatoka."

Nilipelekwa hospitali na gari la vitunguu. Niliporudi, mkono uko ndani ya hogo la plasta, mume wangu alikuwa amelala chumba cha rafiki yake gereji na nyumba yangu haina mlango. Na uani kwangu walikuwa wamekaa wanawake nisiowajua, wamevaa ngozi na shaba, wamejaa kutoka kwenye bomba mpaka ukuta wa nyuma. Walikuwa wamepanda kutoka bondeni, ameitwa mmoja akamwita mwenzake.

Mpangaji wangu akanieleza. Kwao, mwanamume akimfanyia mwanamke jambo baya la kupita kiasi, wanaume wengine hawaulizwi. Wanawake wanakaa kikao chao, wanamhukumu, wanamtoza dume la ng'ombe jeusi, na mpaka alilete, laana yao inakaa juu yake na juu ya kila anachokigusa. Nilimwambia mume wangu ni Mchaga, Mlutheri, hana ng'ombe hata wa dawa. Akasema pigo limepigwa kwenye ua anaolala yeye, Mbarabaig, na watoto wake, kwa hiyo kesi ni ya kwao. Mpaka leo sijui kama mila yao ilisema hivyo kweli, au aliipinda kidogo kwa ajili yangu. Walikaa mchana kutwa wakizungumza kwa lugha yao, wakasimama, wakanigusa begani kila mmoja, wakaondoka.

Mume wangu alipopelekewa hukumu alicheka, wakacheka na wenzake wa gereji. Mnunuzi hakucheka. Alikuwa mtu wa Mbulu, amekua na Wabarabaig ng'ambo ya mto, alijua mambo ambayo sisi wa kuja hatukuyajua. Alimwambia dalali kiwanja ni kizuri sana ila yeye hataweka kitanda pale, wala hataweka kitanda cha mgeni. Dalali akatafuta mwingine, na huyo naye akasikia. Wa tatu alikuwa wa Arusha, hakujali laana ya mtu, lakini mafundi aliotaka kuwatumia walikuwa wa hapa, nao wakakataa kushika sururu. Kiwanja cha kando ya lami kikakosa mtu wa kukinunua.

Nisiseme nilifurahi. Niliogopa. Nilijua mume wangu hawezi kushindwa na wanawake akanyamaza, na nililala mtalimbo ukiwa chini ya mto, mlango umeegeshwa tu. Wapangaji nao hawakujua kodi wampe nani. Mwisho wa mwezi alikuja kuichukua, wakaingia vyumbani wakakomea. Aligonga mlango mmoja mmoja kwa kitako cha panga, akasema atawatoa wote, na hakuna aliyetoka. Hawakunipa na mimi. Hela ilikaa kwao, na mimi niliishi kwa makoti.

Ukungu wa mwezi wa sita ulikuwa umetanda siku mume wangu alipoleta dume. Mchana, lakini taa za magari barabarani zilikuwa zinawaka. Alilikokota kwa kamba mwenyewe kutoka mnadani, dume kubwa, jeusi kutoka pua mpaka mkia, huoni hata unywele mweupe. Nyuma yake walikuja wazee wawili wa kanisa letu na mwenyekiti wa kitongoji, wamevaa makoti yao mazuri. Alikuwa amewaambia anakuja kumaliza. Nilielewa mara moja anamaliza nini. Dume likipokelewa, laana imeondoka. Laana ikiondoka, mnunuzi anarudi.

Wazee wa kanisa walizungumza vizuri. Mmoja alinikumbusha kusamehe saba mara sabini. Mwingine alisema mume amejishusha, amekubali hata mila isiyo yake, ni mwanaume gani mwingine wa Kichaga angefanya hivyo, na mimi nisishupaze shingo. Mume wangu akavua kofia. Kwa mara ya kwanza tangu anioe aliniomba msamaha mbele ya watu, kwa sauti, na machozi yalikuwa yanatoka kweli kwenye lile jicho ambalo halikupona sawasawa. Nitasema ukweli, moyo wangu ulimwendea. Nilikuwa nimezaa naye. Niliwahi kumngoja usiku wa mvua nikisali gari lake lisiserereke pale kwenye kona za kupandia kreta.

Niligeuka kumtazama mpangaji wangu wa bangili, nikitaka aniamulie. Alilizunguka dume, akatazama miguu, akatazama tumbo, akaniambia, "Ni jeusi yote. Mimi kwetu nilipigwa pia, dume ikaja, mama yangu alipokea. Wewe si mama yangu. Kama unataka, sema. Kama hutaki, sema."

Nilitazama vyumba vyangu, bati zenye kutu za chumba cha kwanza, zenye kung'aa za cha mwisho. Mkono ulikuwa unaniuma ndani ya plasta kwa sababu ya baridi. Nikasema, "Mrudishe ng'ombe wa watu. Simtaki."

Mume wangu alisimama kama hajasikia. Mzee mmoja wa kanisa akaanza kuniita mwanangu, na kabla hajamaliza mume wangu alikuwa amechomoa panga kiunoni. Nilijua linakuja kwangu. Msusi alinivuta kwa nyuma ya gauni. Lakini alilipiga dume, kwenye goti la mbele, kisha shingoni, kisha popote. Lilipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena, likakata kamba za nguo, likaangukia ndoo za bombani, likanyanyuka, akalifuata, akalipiga tena, anasema kitu ambacho hakuna aliyekielewa. Mwenyekiti alikimbia. Wazee wa kanisa walijibanza kwenye ukuta wa choo na makoti yao mazuri yakijaa matone ya damu. Lilichukua muda mrefu kufa. Lilikufa mbele ya chumba cha tatu, ulimi nje, na damu yake ikatafuta mtaro wa maji machafu niliouchimba mimi mwenyewe, ikapita humo mpaka barabarani.

Karatu watu wanapenda nyama. Ng'ombe akigongwa na gari hapa, kabla dereva hajashuka visu vimeshafika. Siku ile majirani walijaa juu ya ukuta wakitazama mlima wa nyama ya bure, na hakuna aliyeshuka na kisu. Mume wangu alisimama katikati, damu mpaka kwenye viwiko, akatazama mlango mmoja mmoja, akisubiri mtu aseme chochote.

Yule wa bangili aliingia chumbani kwake. Nilidhani anajificha. Akatoka na hela, akavuka damu kwa kunyanyua vazi lake la ngozi kidogo lisiloane, akaja mpaka nilipo, akanipa kodi. Ilikuwa katikati ya mwezi. Mwalimu akafuata, akanipa kwa mikono miwili. Msusi akanipa. Mke wa askari alinipa ya kwake na ya miezi aliyokuwa ameificha. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye plasta, wa pili ukajaa, ikabidi nikinge upande wa khanga. Walifanya polepole, mmoja mmoja, na hawakumtazama hata mara moja.

Yeye alitazama mpaka wa mwisho. Kisha akaliacha panga chini, akaokota kofia yake, akatoka kwa njia ya pembeni kama anavyotoka mpangaji. Niliwaambia wanawake walete majembe, tulifukie lile dume nyuma ya choo kabla mbwa hawajaja, na tulichimba mpaka jioni.